Uwanja wa Ndege Katika Shamba la Mama

Kuna tovuti moja inayosema kwamba kutoka kazini kwangu hadi nyumbani kwetu ni dakika hamsini. Siku nikikutana na aliyeiandika sijui kama nitamsalimia kwanza au nitaanza tu kumtukana. Imepangwa vizuri, na ramani ndogo kando: kiwanja cha kwanza juu, kiwanja cha pili chini, mstari mwekundu katikati umenyooka kabisa, umbali kwa kilomita, umbali kwa maili, muda wa kuruka. Wameweka hata kipicha cha ndege. Mtu akiiona anaamini. Kaka yangu aliiamini, au alijifanya kuiamini, mpaka leo sijajua ni lipi, na yote mawili yananichemsha damu.

Kiwanja cha kwanza kiko kaskazini mwa Turkana, mbele sana ya Lodwar, katika mji mdogo ambako mimi ni muuguzi. Ni kipande cha changarawe kilichofyekwa miiba, na pembeni kuna mti wenye kitambaa kilichochanika cha kuonyesha upepo. Ndege hutua, hilo sikatai. Huja za wakubwa, huja za mashirika, mara mojamoja huja na chanjo. Hukaa kidogo, watu hupigwa picha, zinaondoka. Miaka yangu ya kwanza huko nilikuwa nikitoka nje ya zahanati kuziangalia zikipaa. Siku hizi hata sigeuki.

Kiwanja cha pili ni shamba letu.

Sisi tunakaa juu ya Njoro, njia ya kupanda Mau Narok, kwenye ardhi iliyokuwa ya mzungu mkulima wa ngano. Mzungu huyo alikuwa na ndege yake ndogo ya kwendea mjini, na akaitengenezea pa kutua: ukanda mrefu wa ardhi alioushindilia na mashine hadi ukawa mgumu kama sakafu. Wazee wetu walinunua shamba lile kwa hisa, na siku ya kugawana vipande kila familia ikatoa karatasi kwenye kofia. Baba akatoa karatasi iliyobeba ukanda ule. Alipigana nao maisha yake yote. Jembe lilipiga pale likarudi. Viazi vya upande huo vilitoka vidogo hata kuku aliviangalia kwa dharau. Mwishowe baba akaacha nyasi ziote, na ng'ombe wetu wamelishwa hapo tangu nikiwa msichana wa shule. Ndege ya mwisho kutua hapo ilitua kabla sijazaliwa. Lakini kwenye tovuti uwanja upo, una herufi zake nne za utambulisho kama viwanja vingine vya dunia, una jina la shamba la mzungu, na unangoja abiria.

Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni ndege gani hiyo inayosemwa. Ule muda ni wa ndege kubwa, zile za kubeba watu mamia. Ingetua kwetu ingefagia jikoni, tanki la maji, zizi, na kanisa la jirani pamoja na mchungaji. Mashine ilichukua alama mbili ikapiga mstari juu ya Tiaty na juu ya Eldama Ravine, ikagawanya kilomita kwa kasi, basi, kazi imekwisha. Haikuuliza kama kuna mtu aliyewahi kupita huko. Mashine naisamehe kwa sababu haina mama.

Kaka yangu ndiye simsamehei. Ni mkubwa wangu, na tumezaliwa wawili tu. Ana duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku pale Njoro, na ana simu kubwa anayopenda kuwaonyesha watu mambo. Baba alipofariki shamba lilibaki mikononi mwa mama, na neno lake ndilo la mwisho kuhusu nani atapata wapi. Kaka alitaka ligawanywe mama akiwa hai. Kwa hilo simlaumu, familia nyingi zimeuana kwa kungoja. Kinachonikera ni alivyofanya. Aliita mkutano wa wazee wa ukoo siku ya Jumamosi, na mimi akanipigia simu Jumatano jioni.

"Jumamosi hii?" nikamuuliza. "Wewe unajua kutoka huku kuja huko ni siku ngapi?"

"Aai, sista, wacha hiyo story. Nimeangalia kwa simu. Kutoka airport yenu mpaka hapa kwa shamba ni dakika hamsini. Hamsini! Mimi siku ya jam nikienda Nakuru natumia zaidi."

"Hapo kwa shamba hakuna airport. Kuna ng'ombe."

"Iko kwa internet. Na huko si mko na ndege za wazungu kila siku? Ongea na wao vizuri, wakienda Nairobi wakuangushe hapa. Nimeshaambia mum na wazee unakuja na ndege. Usipokuja watajua tu umekubali vile tutasema."

Akakata simu. Nilisimama na kile kisimu mkononi, na mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi akaniuliza kama kuna msiba.

Kwa sababu ya hasira nilifanya kitu nilichokuwa nimeapa kutofanya tena. Kesho yake asubuhi ilitua ndege ya wageni fulani, nikaenda kumsubiri rubani kivulini mwa bawa. Nilikuwa nimeomba lifti mara moja zamani na nikakataliwa. Huyu alinisikiliza kwa adabu. Akasema bima haiwaruhusu kubeba mtu asiye wao. Nikamwambia nyumbani kwetu kuna uwanja, uko hata kwenye tovuti. Akatoa simu yake, akatafuta, akaupata kweli. Halafu akafungua picha ya kutoka angani, akaikuza, akanigeuzia nione. Niliona paa letu la mabati. Niliona madoa madogo meusi na meupe kwenye ukanda wa kijani, na nikajua ni ng'ombe wa mama.

"Pole, madam," rubani akasema. "Hapa huwezi kutua hata na baiskeli."

Nikaondoka mchana huo huo kwa lori la mkaa. Kabla ya kufika Lodwar tulikuta laga imejaa. Laga ni mto usio na maji karibu mwaka mzima, kisha mvua inanyesha milimani mbali huko, usikokuona wala kusikia radi, na ghafla una maji mekundu mbele yako yanayobeba miti mizima. Hakuna daraja, kwa hiyo unakaa na kungoja. Tulingoja mpaka jua likashuka, na mimi nilitembea huku na huku kwenye ukingo nikiyatukana maji, kaka, mzungu aliyenunua ndege na kofia iliyompa baba karatasi ile. Safari iliyobaki nitaifupisha: Lodwar, Kitale, Eldoret, kila mahali nikipanda kitu cha mwisho kuondoka. Nilifika kwetu Jumamosi alasiri kwa bodaboda, nimevaa vumbi la kila kaunti niliyopita.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni ng'ombe. Walikuwa wamefungiwa zizini, mchana wa jua, wanalia njaa. Nikajua kuna jambo, kwa sababu mama hafungii ng'ombe mchana. Nikazunguka nyumba.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni mwa ule ukanda. Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani, sweta ya rangi ya maziwa, kitambaa cheupe kichwani. Vigingi vya kufungia ndama vilikuwa vimeng'olewa vikapangwa kando. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa imeteremshwa. Hakukuwa na hata ndoo kwenye nyasi zile. Alikuwa ametayarisha uwanja.

Aliponiona nikitokea upande wa lango alisimama kwa shida.

"Umetokea wapi?" akaniuliza. "Mbona sijasikia ndege?"

"Mum, hakuna ndege."

"Nimekaa hapa tangu asubuhi. Nilifungia ng'ombe wasikuzuie."

Sijui nikiseme vipi nilichosikia moyoni. Nimeona mengi kwenye kazi yangu. Lakini mwanamke mzee, na magoti yale, kung'oa vigingi peke yake ili bintiye apate pa kutua, na mtu mzima ndani ya nyumba anayejua kusoma ramani amwache afanye hivyo! Nilitaka kumshika mtu shingo.

Ndani wazee walikuwa wanachokonoa meno. Kwetu mkutano wa ardhi hufungwa kwa mbuzi. Maneno yakiisha, mbuzi analiwa, na kila anayehusika anakula. Ukishakula umekubali, hakuna wa kukusikiliza tena baada ya hapo. Mbuzi alikuwa amekwisha. Palibaki sahani moja mezani, imefunikwa na sahani nyingine.

"Karibu, msichana wetu," akasema mzee aliyekuwa mwenyekiti. "Tumekungoja tukachoka. Lakini hatukukusahau. Yako iko hapo."

"Na nimepewa wapi?" nikauliza, bado nimesimama.

Wakatazamana. Kaka akajibu akiangalia simu yake. "Upande wa kiwanja. Kuanzia kwa mti mpaka chini kwa fence. Ni kubwa, by the way. Kwa ekari imeshinda yangu."

"Ndio ndege yako ipate pa kulala," akaongeza mzee mmoja wa kando, na wakacheka, mioyo yao myeupe kabisa, kama watu walioshiba.

Nilikuwa sijala tangu mandazi ya Eldoret. Harufu ya ile nyama ilinijia puani mpaka mate yakanijaa kinywani, na hilo nalo lilinikasirisha, kwamba hata tumbo langu lilikuwa upande wao. Nikaifunua sahani. Ubavu na kipande cha ini. Nikaifunika tena.

"Sili," nikasema.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba mbuzi hakataliwi, kwamba ni aibu. Nikamwambia aibu nimeikuta nje, imekaa kwenye kigoda tangu asubuhi na nguo za kanisani. Nikamwambia kaka mengine ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu watoto wake wanasoma. Wazee wakachukua kofia zao mmoja mmoja. Hakuna aliyeniaga.

Nilidhani vita vyangu ni na kaka. Jioni hiyo, mimi na mama tukiwa peke yetu jikoni, ndipo nilipojua kilichokuwa kimeharibika.

"Mimi sina ugomvi na wewe," mama akasema. Alikuwa anachochea moto, hanitazami. "Lakini baba yako alilazwa, ukaja mara moja tu. Krismasi ukakosa, na nyingine ukakosa. Watu wakiniuliza nasema, ni mbali, msichana wangu yuko mbali. Nimekutetea mpaka kanisani. Sasa naambiwa si mbali. Naambiwa ni kama kwenda Nakuru."

"Ni uongo, mum."

"Imeandikwa. Alinionyesha." Akaweka kuni chini. "Ndio nikakubali upewe huko. Nilisema, mtu hapendi kuja nyumbani, atafanya nini na shamba nzuri?"

Kwa hiyo lile lilikuwa neno lake, si la kaka. Kaka alikuwa amempa tu sababu. Nilikaa kwenye kile kibao cha jikoni, na hasira iliyokuwa imenibeba tangu Jumatano ikapata mahali pa kwenda. Ardhi naweza kuidai. Kuna korti, kuna sheria inayosema binti ni mtoto kama mwingine. Lakini kaka alikuwa ameninyang'anya umbali wangu, kitu pekee kilichonieleza kwa mama yangu. Miaka yote ile kila nilipokosa kufika, barabara ndiyo iliyonisemea. Sasa ilikuwa imefutwa kwa kidole kwenye kioo cha simu, na nikabaki mtoto asiyependa kwao. Hilo ningelidai katika korti gani?

Nilijaribu kumweleza. Nilimpangia viazi mezani: hiki Njoro, hiki Eldoret, hiki Kitale, hiki Lodwar, na huku mbali pembeni niliko mimi. Aliitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia mtoto anayeeleza kwa nini amepasua kikombe. Nikapandwa na hasira upya.

"Basi twende," nikasema. "Panda gari na mimi, ujionee."

Nilisema kwa uchungu tu. Mama akauliza huko ni joto au baridi.

Kaka alikuja mbio aliposikia. "Utamuua mum na hiyo barabara!" akanipigia kelele langoni.

"Barabara gani?" nikamuuliza. "Si ni dakika hamsini?"

Mama akampita na kikapu chake.

Alikuwa amebeba chupa ya uji, viazi vya kuwapa majirani zangu, na sweta mbili. Tulipopita Sachangwan, pale watu wengi walipoteketea kwa moto wa lori la mafuta, akanyamaza, kama watu wa kwetu wanavyonyamaza hapo. Eldoret akasema sasa tumekaribia. Kitale tulilala kwenye gesti ya nyuma ya stendi, na asubuhi akaniuliza kama mji huo ndio Turkana. Baada ya Kapenguria barabara inaanza kushuka milima, unashuka, unashuka, na hewa inabadilika. Akavua sweta ya kwanza. Baadaye akavua ya pili. Akaacha kuangalia dirishani, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Tumefika?"

"Bado."

Baada ya muda mrefu: "Na sasa?"

"Bado, mum."

Lodwar nilimvua viatu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilibonyeza kidole na shimo likabaki. Nikamlaza, nikaiinua miguu juu ya mto, na nilipokuwa nikiikanda nilichukia kila mtu, mimi mwenyewe nikiwemo, kwa kumburuta mwanamke wa umri ule ili tu nishinde ubishi. Nikamwambia turudi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Wewe si hupita hapa?"

"Napita."

"Basi na mimi nitapita."

Kesho yake tulipata Land Cruiser ya mzigo, dereva akampa mama kiti cha mbele. Na laga, ile ile iliyonizuia, ikatuzuia tena. Maji hayakuwa mengi kama ya mara ya kwanza lakini yalitosha. Dereva akazima injini, akalala chini ya gari. Mama akateremka, akasimama ukingoni na viatu mkononi, akiyaangalia maji mekundu yakipita.

"Hii inaisha saa ngapi?" akamuuliza dereva.

"Mathe, hii haina saa," dereva akajibu kutoka chini ya gari. "Inaisha ikitaka."

Mama akaja akaketi kando yangu kwenye kivuli cha gari. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi, na nilipomwangalia vizuri niliona kwamba si uchovu uliokuwa usoni. Alikuwa amekasirika. Sijawahi kufurahia hasira ya mtu kama nilivyofurahia ile.

"Siku baba yako alilazwa," akasema, "ulipita hapa?"

"Nilipita hapa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akanyoosha mkono. "Nipigie huyo."

Mtandao ulikuwa unashika kidogo. Nikampigia kaka, nikaweka sauti kubwa. Mama hakumsalimia.

"Msichana wangu hakula mbuzi," akamwambia. "Kwa hivyo maneno hayajafungwa. Nilisema neno langu nikiwa sijui kitu, sasa nalirudisha. Tunaanza upya. Ambia wazee mkutano ni huku kwake. Mimi niko huku, na sirudi mpaka mje wote."

"Mum! Wazee waje Turkana?"

"Waje."

Tukasikia kuku wakilia nyuma ya kaka, nadhani alikuwa dukani. Kisha akaniita mimi, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto.

"Sista," akasema, "kwani huko watu hufika aje?"

Nimefanya kazi kaskazini zaidi ya miaka kumi. Nimezika baba kutoka huko, nimekosa harusi, nimekosa ubatizo wa watoto wake, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilikuwa na jibu lake lote, laga kwa laga. Lakini hasira yangu haikuwa imeisha, na haijaisha hata sasa ninapoandika.

"Muulize mum," nikasema.

Mama akachukua simu akaiweka sikioni, akamwambia abebe maji.